Kabla mlipuko wa ugonjwa haujafika Dodoma: yazungumzeni haya nyumbani

Machi 16, 2020, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, nilikuwa kwa baba mdogo, Chamwino, hapa Dodoma. Redio ikasema mgonjwa yuko Arusha, ameshuka kwa ndege akitokea Ubelgiji. Baba mdogo akashusha pumzi, akasogeza bakuli la mlenda. "Huo ni wa wapanda ndege," akasema. Homa, kikohozi, kunawa mikono, yote alikuwa ameyasikia na angeyataja bila kukosea. Hakuona tu yanamhusu nini yeye. Wiki hiyohiyo akaenda mnadani kama kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kununua ndoo au barakoa, jiulize: ugonjwa huu utanifikia mimi kwa njia gani? Korona hupita hewani, hasa watu wakijazana mahali pasipopitisha hewa. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula kilichoingiwa na kinyesi. Marburg, homa kali ya virusi iliyotokea Kagera mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025, huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili ya mgonjwa au ya maiti, hivyo walio hatarini zaidi ni wauguzaji na waosha maiti. Barakoa ya kitambaa haitakusaidia kitu kwenye kipindupindu.

Sisi wa Dodoma tuna kumbukumbu yetu, na inaniuma kwamba tunaisahau. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu, ilipoipiga Tanzania, mkoa wetu ndio ulioathirika zaidi. Ililetwa na mvua kubwa, mbu, na mifugo iliyolala uani kwetu. Dalili yake ya mapema ni ng'ombe, mbuzi na kondoo kutupa mimba kwa wingi. Ukiona hivyo, usiguse damu wala kondo kwa mikono mitupu, usimchinje mnyama mgonjwa ili "nyama isipotee", chemsha maziwa, na mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Najua ni vigumu. Mbuzi uliyemlea mwenyewe hakutishi, wakati mgeni anayekohoa kwenye basi unamkimbia.

Kubalianeni pia mapema ni neno la nani mtakalolisikiliza. Baada ya Aprili 29, 2020 takwimu za taifa, zilizokuwa zimefika wagonjwa 480, ziliacha kutolewa kwa muda mrefu. Pengo hilo likajazwa na sauti za WhatsApp. Kwenye grupu la ukoo wetu kila usiku ilikuja sauti ya "daktari" asiyejulikana jina. Andikeni ukutani namba 199 ya Wizara ya Afya, haina malipo, na chini yake namba ya mhudumu wa afya wa mtaa wenu. Bibi akitaka kujifukiza msimcheke. Mwambieni kwa heshima kwamba mvuke hulegeza kamasi lakini hauui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka ikae mbali na watoto.

Maji ndiyo mtihani wetu mkubwa. Kumwambia mtu anawe kila saa wakati ni siku ya nne maji ya mgao hayajafika ni kumtesa. Tengenezeni kibuyu chirizi sasa: dumu la lita tano lenye tundu dogo karibu na mdomo, limening'inizwa kwenye kijiti, na kamba inayoshuka hadi mti wa kukanyagia. Ukikanyaga linainama, maji yanachirizika kidogo, na mkono haugusi dumu. Sabuni itobolewe, ifungwe kamba pembeni, la sivyo kuku wataiondoa.

Mwenye presha au sukari asisubiri dawa ziishe ndipo aende zahanati.

Mwisho ni mahali pa kumlaza mgonjwa. Nyumba zetu za tembe zina madirisha madogo, zimejengwa kuzuia upepo na jua. Mwenye kikohozi akiwekwa chumba cha ndani, nyumba nzima inavuta hewa yake. Mchana alale kivulini nje. Usiku awe karibu na mlango, mbali na wazee. Mchagueni mapema mtu mzima mmoja, mwenye afya, wa kumhudumia, na mwingine wa kuchota maji badala yake. Tukiliacha hili bila kusemwa, tunajua litamwangukia mama, na huenda siku hiyo mama naye ana homa.