Simlinki: andika kitakachokutwa upande wa pili

Diski ilivuka ziwa hadi Nansio, Ukerewe. Huko wakafungua folda ya picha: majina yote yapo, picha hakuna hata moja. Zilikuwa simlinki tupu, yaani viashiria tu vya mahali faili lilipo, zinaelekeza /data/picha kwenye mashine iliyobaki Mwanza. Dogo wa ofisini alikuwa amefuata neno kwa neno mwongozo wa cp, amri ya kunakili faili: "cp -r hunakili folda na vyote vilivyomo." Mwongozo huo niliuandika mimi.

Simlinki ni kama kikaratasi kinachosema "gunia la dagaa liko Mwaloni, kizimba cha tatu". Ukisema amri "hunakili simlinki", msomaji hajui kama atapata kikaratasi au gunia. "Hufuata simlinki" nayo niliifuta, maana dogo alielewa kwamba simlinki zinafuatana na mzigo. Siku hizi naandika hivi: "upande wa pili utakuta faili kamili", au "utakuta simlinki ileile, na inaweza kuwa haifiki popote".

Kisha taja simlinki iko wapi, kwenye amri yenyewe au ndani ya folda, kwani hapo ndipo miongozo mingi hunyamaza. Kwa cp ya GNU, ile ya kwenye Linux nyingi, ukinakili simlinki ya faili bila -r unapata faili kamili. Ukiweka -r, simlinki zinabaki simlinki, hata ile uliyoitaja mwenyewe kwenye amri. Herufi -H hufungua (yaani hukupa faili kamili badala ya simlinki) zile ulizotaja tu, -L hufungua zote, -P haifungui yoyote. POSIX, kanuni ya pamoja ya mifumo ya aina ya Unix, haikuamua -R (kwa cp ya GNU ni sawa na -r) ifanye nini ukiiacha bila mojawapo ya hizo tatu, kwa hiyo katika mifano yako iandike herufi waziwazi, usitegemee mazoea ya mashine yako.

Usisahau mlango wa nyuma: kama jina la faili unakonakilia tayari ni simlinki, cp hupita humo na kuandika juu ya faili lililo mbele yake. Hili liandike kwa herufi nzito.

Halafu mpe msomaji jaribio la dakika moja:

mkdir jaribio
echo dagaa > jaribio/mzigo.txt
ln -s mzigo.txt jaribio/njia
cp -rP jaribio a
cp -rL jaribio b
ls -l a b

Ndani ya a ataona njia -> mzigo.txt, ukubwa 9, yaani herufi za jina tu. Ndani ya b, njia ni faili la baiti 6: neno dagaa na alama ya mwisho wa mstari. Hapo haihitaji maelezo.

Ongeza na gharama. Kwa -L, simlinki kumi za video moja zinakuwa video kumi, diski inajaa. Flashi yenye mfumo wa faili wa FAT32 nayo haibebi simlinki kabisa, -P italalamika.

Mstari wetu sasa unasomeka: "Mzigo wa Nansio: cp -rL. Kabla ya kung'oa diski, find -type l ndani yake isitoe kitu." Amri hiyo huorodhesha simlinki zilizosalia.