Indiketa za LED zikipepesa mbio, badilisha flasha
Ukiweka balbu za LED kwenye indiketa kisha zikaanza kupepesa mbio mbio, usikimbilie kununua balbu nyingine. Balbu ya kawaida ya wati 21 hula karibu ampea 1.75 kwa volti 12. LED hula sehemu ndogo tu ya hiyo, kwa hivyo flasha, kile kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, hudhani balbu imeungua na kupepesa mbio. Chomoa flasha ya zamani (mara nyingi iko chini ya dashibodi, karibu na fyuzi) uweke ya elektroniki ya LED, yenye idadi na mpangilio uleule wa pini. Fundi huenda akakupendekezea rezista ya omu 6, wati 50, ya kuongeza umeme unaoliwa ili ufanane na wa balbu ya kawaida. Inafanya kazi, lakini injini ikinguruma kila rezista hutoa karibu wati 30 za joto taa inapowaka: inachoma vidole na kuyeyusha plastiki. Mimi ningeiweka tu kwenye gari ambalo indiketa zake huendeshwa na kompyuta, maana huko hakuna flasha ya kubadilisha. Ifunge kwenye chuma, mbali na waya. Balbu moja ikigoma kabisa na ni ya kuchomeka kama T20, igeuze. LED ina chanya na hasi. Na kwa hewa yetu ya chumvi hapa Mombasa, kagua soketi kwanza: ikiwa na kutu ya kijani, isugue kwa msasa laini, kisha paka grisi ya silikoni kidogo, la sivyo LED itamemeta ovyo hata kwa flasha mpya.