Pikipiki ya zamani inayozima ukiachia resi: tafuta ugonjwa kabla ya kugusa skrubu

Ukisimama nje ya stesheni ya Tabora treni inapoingia, angalia mikono ya bodaboda wanaosubiri abiria. Wengine hawaachii resi hata kidogo. Si mbwembwe, ni kwamba wakiachia chombo kinazima, na kuanza kupiga kiki mbele ya abiria mwenye mizigo ni kumkabidhi kwa mwenzako.

Somo hili ni la pikipiki za kabureta, hasa zenye injini ya aina ya CG. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976, valvu zake zikisukumwa na fimbo badala ya kutegemea cheni ya taimingi, na Wachina wakainakili kwa majina chungu nzima. Ukiwa na Boxer au TVS ya kabureta, hatua ni hizihizi, ila vipimo vya tapeti (ule mwanya mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma) utafuata vya kwako.

Kabla ya yote: ile skrubu yenye springi ubavuni mwa kabureta, ambayo kila fundi wa chini ya mwembe huikimbilia, kazi yake ni kuinua slaidi tu, kile kipande kinachopanda ndani ya kabureta ukivuta resi. Ukiikaza, unaishikia resi pikipiki badala ya mkono wako. Itaacha kuzima, ndiyo, lakini gia ya kwanza itaingia kwa kishindo, mafuta yatakwisha haraka, na ugonjwa utabaki palepale.

Ukiachia resi, slaidi inashuka karibu kufunga kabisa. Jeti kubwa na sindano havina kazi wakati huo. Injini inaishi kwa petroli kidogo sana inayopita kwenye jeti ndogo, jeti ya sailensa (sailensa ni injini kuunguruma yenyewe ukiwa umeachia resi). Ikiwa imeandikwa 38, tundu lake ni kama milimita 0.38. Ndiyo maana pikipiki inaweza kukimbia vizuri kabisa hadi Sikonge, halafu ikufie ukisimama kununua maji. Punje moja ya uchafu inatosha.

Hatua ya 1: Iulize pikipiki

Usishike spana bado. Iwashe, ipate moto, achia resi. Ikianza kuyumba kutaka kuzima, vuta choki nusu.

Ikitulia, ina njaa ya mafuta: ama jeti ya sailensa imeziba, ama kuna hewa inaingia pasipotakiwa. Nenda hatua ya 2, ya 5 na ya 6.

Ikizidi kukohoa au ikizima papo hapo, imeshiba kupita kiasi: eyaklina (chujio la hewa) imeziba, choki hairudi yote, au boya la kabureta linapitisha mafuta mengi. Nenda hatua ya 3, kisha uangalie boya utakapofungua kikombe katika hatua ya 6.

Isipojali choki kabisa, fikiria plagi, umeme na tapeti.

Kipimo hiki hakina gharama, na kwa maoni yangu fundi asiyekifanya kabla ya kufungua kabureta anabahatisha kwa pesa yako.

Hatua ya 2: Mafuta

Funga koki, weka chupa safi inayoonyesha chini ya kikombe cha kabureta, kisha legeza skrubu ya kumwagia. Acha chupa itulie kidogo. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo utayaona yamekaa chini kama matone au tabaka. Anayenunua mafuta ya chupa vijijini, huko Kaliua au Urambo ndani, akague hili mara kwa mara. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 kuzuia uchakachuaji, lakini vinasaba haviizuii chupa kuwa na maji.

Fungua koki tena huku skrubu ikiwa wazi: mafuta yatiririke bila kukatika. Yakidondoka kwa kusuasua, jaribu kufungua mfuniko wa tenki. Ukisikia hewa inavutwa na mafuta yakaongeza kasi, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba kwa vumbi. Lizibue, rudi barabarani.

Hatua ya 3: Eyaklina

Ya sponji ioshe kwa maji ya sabuni, kausha, tia oili kidogo, kamua. Ya karatasi isioshwe. Ikungʼute, na ikiwa nyeusi nunua nyingine. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi letu halina huruma, usisubiri ratiba ya kitabu.

Hatua ya 4: Plagi

Acha pikipiki ijikokote kwenye sailensa, ikizima toa plagi hapohapo. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria: mafuta mengi. Nyeupe: hewa nyingi. Imelowa oili: hilo ni suala la ringi au sili za valvu, na hakuna skrubu itakayoliponya. Nafasi ya mdomo iwe milimita 0.6 hadi 0.7.

Ukipima cheche, chomeka plagi kwenye kofia yake na uigandamize chuma chake kwenye mwili wa injini, mbali na petroli uliyomwaga. Usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia hewani, unaweza kuua koili au CDI, kile kisanduku kinachoamrisha cheche. Cheche iwe ya buluu yenye mlio. Ya njano iliyolegea itawasha injini ukipiga resi lakini haitaishikilia sailensa.

Hatua ya 5: Hewa ya wizi

Kati ya kabureta na injini kuna inteki, bomba fupi la kuingizia mchanganyiko, na mara nyingi kipande cheusi cha insuleta chenye oringi. Oringi ikikauka au inteki ikipata ufa, hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta. Dalili: ukipiga resi na kuachia, mlio unabaki juu kwanza, halafu unashuka ghafla na kuzima.

Kuna wanaorushia petroli pale kutafuta ufa. Acheni, injini ina moto na cheche ziko karibu. Chukua grisi nzito, paka kuzunguka maungio yote huku injini ikiwa kwenye sailensa. Mlio ukibadilika au ukitulia ulipofika mahali fulani, umempata mwizi. Grisi ni ya kupimia tu, sio tiba.

Hatua ya 6: Jeti ya sailensa

Toa kabureta, fungua kikombe. Boya liko katikati, jeti kubwa iko kwenye nguzo, na pembeni yake ndani ya shimo kuna jeti nyembamba. Hiyo ndiyo tunayoitaka. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, kwani shaba ni laini na mfereji ukichunika umejitafutia kazi nyingine. Kwenye baadhi ya kabureta za kunakili jeti hii imegongwa moja kwa moja, haitoki. Hapo utasafishia ndani.

Inue kuelekea jua uangalie. Lazima uone nukta ya mwanga, duara kamili. Ukiona mwezi mchanga, bado imeziba. Loweka kwenye petroli safi, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba uliouchomoa kwenye waya wa umeme. Usitumie uzi wa kebo ya breki wala sindano ya kushonea: chuma kinapanua tundu, na ukishalipanua hakuna kulirudisha. Malizia kwa upepo wa pampu ya tairi, jeti yenyewe na njia zote ndogo za mwili wa kabureta.

Ukiwa hapo angalia ncha ya sindano ya boya. Ikiwa na alama ya mkato kama pete, haifungi tena na mafuta yatafurika. Tikisa boya sikioni: likiwa na petroli ndani, limetoboka.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo skrubu

Kuna skrubu mbili. Ya sailensa tumeshaijua, ni ile yenye springi ubavuni. Nyingine ndogo ni ya kuchanganya hewa na mafuta. Ikikaa upande wa eyaklina, ni ya hewa: kufungua ni kupunguza mafuta. Ikikaa upande wa injini, ni ya mafuta: kufungua ni kuongeza. Watu wengi wanagombana hapa kwa sababu kila mmoja anaongelea kabureta yake.

Funga ile ndogo taratibu hadi iguse, bila kukaza, kisha fungua zamu moja na nusu. Washa, injini ipate moto wa kutosha. Pandisha sailensa kidogo ili isizime. Zungusha skrubu ndogo robo zamu, subiri injini ijibu, robo tena, ukitafuta mahali mlio unapopanda juu zaidi na kuwa laini. Ukipapata, shusha skrubu ya sailensa. Rudia mara moja. CG hukaa kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Msiishushe mpaka ikawa inadundadunda eti inapendeza; betri haichaji hapo.

Hatua ya 8: Tapeti

Hii hurukwa na wengi. Valvu ya ekzozi inapokula kiti chake, nafasi ya tapeti inapungua yenyewe. Injini ikipata moto valvu haifungi kabisa, kompresheni inavuja, sailensa inapotea. Kwa hiyo tapeti zinazopiga kelele kidogo hazinitishi kama zile zilizo kimya kabisa.

Pima injini ikiwa baridi, ikiwezekana asubuhi kabla ya kuwasha. Toa plagi, zungusha injini hadi alama ya T ya magneti ikutane na alama ya kava. Tikisa tapeti zote mbili: zikiwa na uchezaji, uko sahihi. Moja ikiwa imebana, zungusha mzunguko mmoja kamili. CG125 ni milimita 0.08 zote mbili. Kama huna geji, wembe wa kunyolea wa makali mawili una unene wa karibu milimita 0.1. Ukipita kwa kukwaruza kidogo, utakufikisha mjini kwenye geji. Shikilia skrubu wakati unakaza nati, halafu pima tena, kwa sababu nati huivuta.

Maswali ya wasomaji

*Mdau, Sikonge:* Fundi shikamoo. Yangu asubuhi iko poa, nikibeba asali mwendo mrefu ikipata moto inazima, nikipumzika inawaka.

Marahaba. Ikizima tu, pima cheche palepale. Ikiwa ipo na ni nzuri, pima tapeti ikishapoa. Ikiwa haipo na inarudi chombo kikipoa, koili au CDI imechoka. Azima ya mwenzako ujaribu kabla ya kununua.

*Mdau, Kaliua:* Nimeambiwa nitoe eyaklina kabisa ili ipumue. Ni kweli mkuu?

Hapana. Utaongeza hewa, utaharibu mchanganyiko, na vumbi la tumbaku na barabara litasaga ringi. Ukiona aliyekushauri anauza ringi, usishangae.

*Dada, Isevya:* Kaka, mimi nilinunua pikipiki Dar ikiwa nzima. Huku inanuka petroli na plagi inakuwa nyeusi.

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo mafuta yanazidi. Hilo peke yake haliui sailensa, dada yangu. Osha eyaklina, hakikisha choki inarudi yote, halafu fanya hatua ya 7 upya ukiwa hapahapa.

*Mdau, Ng'ambo:* Betri ilikufa nikaitoa. Inawaka kwa kiki lakini nikiwasha taa inazima.

Inaelekea CDI yako inategemea betri. Kwenye sailensa chaji ni ndogo, taa ikichukua, cheche inakosa. Rudisha betri nzima, hata ya kuazima, upime. Na usizoee kutembea bila betri, utaunguza taa.

*Mdau, Nzega:* Vipi za injeksheni?

Hizo zina somo lake. Usizungushe skrubu yoyote. Angalia kwanza kama taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

*Mdau, Ujiji:* Fundi, nilibadilisha kabureta mpya nikaambiwa tatizo limeisha. Bado. Jana nimepaka grisi kama ulivyosema, nilipofika kwenye insuleta ikatulia yenyewe. Nikafungua, upande mmoja hauna oringi kabisa!

Basi hata kabureta ya zamani usiitupe, huenda ilikuwa nzima. Nenda dukani na insuleta yenyewe mkononi, ujaribishie oringi kwenye mfereji: ijitokeze kidogo juu ya uso, isizame. Na ukipewa mpira wa bomba la maji ukiambiwa ni uleule, kataa. Petroli inauvimbisha, utarudi hapahapa.