SOMO: Kuvuta saa sahihi kutoka seva ya muda ya intaneti kwa Python

Wakuu, wiki hii nimejibu swali hili inboksi mara saba. Naliweka hapa, tuulizane hapa hapa.

1. Hakikisha kifaa kina intaneti.

2. Fungua soketi ya UDP (njia ya kutuma na kupokea ujumbe mfupi mtandaoni), isubiri jibu sekunde 5:
import socket, struct, time
s = socket.socket(socket.AF_INET, socket.SOCK_DGRAM)
s.settimeout(5)

3. Tuma baiti 48, ya kwanza 0x1B, nyingine sifuri:
s.sendto(b'\x1b' + 47*b'\0', ('tz.pool.ntp.org', 123))

4. Soma sekunde:
t = struct.unpack('!I', s.recv(48)[40:44])[0] - 2208988800
Seva inahesabu tangu 1900, Python kwenye kompyuta tangu 1970, ndiyo maana tunatoa. Alama ya ! usiiache, baiti zitasomwa kinyume.

5. Hapa someni taratibu. Hiyo t ni UTC (saa ya kimataifa), na sisi Tanzania tuko mbele saa 3, yaani sekunde 10800. Mwaka juzi niliunga pampu ya matone kwenye zabibu zetu Hombolo. Nikajumlisha 10800 wakati wa kupokea muda, kisha nikajumlisha tena kwenye sehemu ya ratiba. Pampu ya saa kumi na mbili asubuhi ikawaka saa tisa usiku, mpira ukachomoka kwenye kiungio, na hakuna aliyekuwa macho. Kulipokucha tangi la lita 5000 lilikuwa kavu na mstari mmoja wa mizabibu umesimama kwenye tope. Hifadhi UTC siku zote. Jumlisha mahali pamoja tu, pale unapoisoma saa:
time.gmtime(t + 10800)
Ukitumia localtime kwenye kompyuta iliyokwisha kuwekwa saa za Tanzania, usijumlishe kitu.

MASWALI

Kijana wa Nkuhungu: Mkuu kwangu haifanyi kazi.
Jibu: Bandika kosa lilivyoandikwa.

Kijana wa Nkuhungu: timed out. Niko ofisini. Nimeiweka iulize kila sekunde.
Jibu: Iondoe hiyo sasa hivi. Seva hizo nyingi zinaendeshwa na watu wa kujitolea. Mara moja kwa saa inatosha, katikati kifaa kihesabu chenyewe. Kisha jaribu kwa bando la simu, huenda mtandao wa ofisi umefunga poti 123, mlango tunaotumia hatua ya 3.

Dada Mpunguzi: Kaka, shikamoo. Nataka kioo kimwandikie bibi saa yetu, saa saba badala ya 13. Nitoe 6?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Tuite h saa ya kompyuta, 0 hadi 23. Ukitoa 6 tu, h ikiwa 3 (saa tisa usiku) itakupa hasi. Tumia (h + 5) % 12 + 1. Ikiwa 13 unapata 7, ikiwa 0 unapata 6, ikiwa 6 unapata 12. Halafu ongeza neno: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Umeme ukikatika je? Nunua DS3231 (kisaa kidogo cha kielektroniki) yenye betri, itatunza saa hadi intaneti irudi.

Fundi Kisasa: Wa MicroPython (Python ya vifaa vidogo) kwenye chipu ya ESP32, yenyewe inahesabu tangu 2000. Hatua ya 4 toeni 3155673600.
Jibu: Kweli kabisa, asante fundi.