Kima Punju Akiingia Uani Kwako

Kwa aliyejenga Pete, Kitogani au Charawe, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, si ajabu kuamka na kukuta kundi la kima punju juu ya mwembe wa uani. Mnyama huyu, ambaye asili yake ni Unguja peke yake, analindwa na sheria, kwa hiyo manati, mitego na sumu ni marufuku. Na kwa maoni yangu hata hazihitajiki, kwani ukishajua anachokifuata kwako utakuwa umemaliza nusu ya kazi.

Kwanza mtambue. Punju ana mgongo mwekundu uliochanganyika na weusi, uso mweusi wenye nywele nyeupe kipajini, na hana kidole gumba mkononi. Kima wa kawaida, mwenye rangi ya kijivu, ndiye mwepesi wa kuiba ndizi, na mara nyingi lawama zake humwangukia mwenziwe. Tumbo la punju limeumbwa kuchachusha majani, na matunda mabivu yenye sukari hayamfai. Anachotafuta ni majani machanga na matunda mabichi, hasa ya mwembe na mkungu.

Akishakula majani hayo hutafuta makaa, ambayo hunyonya kemikali kali zilizomo ndani yake. Ndiyo maana hushuka hadi jikoni. Weka gunia la makaa ndani ya banda lenye mlango, na usiiache seredani nje usiku, hata ikiwa imepoa.

Wenye minazi ndio wanaolalamika zaidi, na uchungu wao naufahamu, kwa sababu vidaka huonekana vimetapakaa chini. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionesha kwamba pale punju walipokula vidaka vingi zaidi mavuno ya nazi hayakupungua, bali yalikuwa makubwa zaidi, kwani mnazi wenyewe hudondosha vidaka vingi, na huenda kupunguziwa mapema kunaufaa. Basi kabla ya kukasirika, hesabu nazi ulizoangua, usihesabu vidaka.

Miche michanga izungushie wavu wa chuma wenye matundu madogo. Wavu wa kuvulia samaki humnasa mnyama na kumuumiza. Matawi yanayogusa paa yakatwe, lakini yaliyo karibu na nyaya za umeme waachie mafundi wa shirika la umeme. Usimlishe wala usimguse, kwa kuwa maradhi huweza kuhama kutoka kwake kuja kwetu na kutoka kwetu kwenda kwake.

Mtoto wa punju akianguka, usimwokote. Funga mbwa, waingize watoto ndani, kisha kaa mbali ili mama apate kushuka kumchukua. Ikiwa ameumia, au mama hakurudi, mpe taarifa sheha au maofisa wa misitu wa Jozani, na usijaribu kumtibu wala kumfuga nyumbani.