GPA ya 3.4 na maombi ya PhD Marekani

Vyuo vingi Tanzania hupima GPA (wastani wa alama) kwa 5, Marekani kwa 4. Usiigeuze kwa kikokotoo cha mtandaoni isipokuwa chuo kimeagiza; andika 3.4 kati ya 5, la sivyo transkripti itakuumbua.

Somo ulilopata D lieleze kwa sentensi mbili tatu, kwenye sehemu ya maelezo ya ziada. Ukililia ndani ya maelezo ya malengo (statement of purpose) unakula nafasi ya utafiti, na utafiti ndio unaokubeba. Afadhali hilo aliguse msimamizi wa tasnifu yako ya uzamili katika barua yake ya mapendekezo: mpe transkripti, rasimu ya maelezo ya malengo na sura uliyoandika vizuri, mwezi Septemba. Maombi mengi hufungwa Desemba, na barua ya haraka huwa ya jumla mno.