Trei ya DVD inayojifunga yenyewe kwenye Linux

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, jua kwanza ubovu uko wapi. Washa kompyuta, ingia kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya kompyuta yenyewe, na ubaki humo, kisha bonyeza kitufe cha kutoa diski. Hapo Linux bado haijaanza. Trei ikijirudisha hata humo, shida ni ya draivu yenyewe, mara nyingi ukanda wa mpira uliolegea au swichi iliyochafuka, na hakuna amri itakayoitibu. Ikitulia wazi, endelea.

Mara nyingi anayeifunga ni kerneli, yaani kiini cha Linux. Ina mpangilio uitwao `autoclose`, ambao kwa kawaida huwa 1. Programu yoyote ikifungua `/dev/sr0`, jina la draivu ya DVD kwenye Linux, kusoma data wakati trei iko wazi, kerneli huirudisha trei ndani ndipo itazame kama kuna diski. Zima mpangilio huo kwa majaribio:

`sudo sysctl -w dev.cdrom.autoclose=0`

Trei ikitulia, umeshapata chanzo. Ila thamani hiyo hupotea kompyuta ikizimwa. Wengi huiandika kwenye `/etc/sysctl.d/` kisha wakashangaa haishiki: faili za humo husomwa mapema, pengine kabla moduli ya `cdrom`, kipande cha kerneli kinachoendesha draivu, haijapakiwa. Njia ya uhakika zaidi ni kutengeneza faili `/etc/modprobe.d/cdrom.conf` yenye mstari huu mmoja:

`options cdrom autoclose=0`

Kama kwenye kerneli yako `cdrom` si moduli bali imejengwa ndani, ongeza `cdrom.autoclose=0` kwenye vigezo vya GRUB, programu inayoianzisha Linux.

Kuna na kinyume chake, trei kugoma kufunguka. Diski ikiwa inatumika, mlango hufungwa makusudi, na ni vizuri hivyo. Tafuta anayeishikilia:

`sudo fuser -vm /dev/sr0`

Funga programu itakayotajwa, tenganisha diski na mfumo kwa `umount /dev/sr0`, kisha itoe kwa `eject`. Kama hakuna anayeishikilia na kitufe bado hakiitikii, `eject -i off` hukifungulia. Ikishindikana kabisa, zima kompyuta, chukua klipu ya karatasi iliyonyooshwa, isukume taratibu kwenye tundu dogo la mbele hadi trei ichomoke. Usifanye hivyo diski ikiwa inazunguka.

`eject -t` isipofunga trei ya laptopu, usihangaike. Draivu nyingi nyembamba hazina mota ya kuvuta trei, husukumwa kwa mkono.

CD ya muziki ikikataa `mount`, yaani kuunganishwa na mfumo, pia si ubovu, kwa sababu haina mfumo wa faili. Ifungue kwa programu ya kuchezea muziki. Lakini diski ya data ikikwama, endesha `sudo dmesg -w` huku ukiiingiza. `I/O error, dev sr0` kwenye sekta zilezile kila mara huashiria diski iliyochubuka: ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha ulinganishe na diski nyingine. Ukiona `hard resetting link` mara kwa mara, badilisha kebo ya SATA, inayounganisha draivu na ubao mkuu, kwanza kabla hujanunua draivu mpya.